Chui wa Unguja na Hukumu Yake
Chui wa Unguja, ambaye alikuwa mdogo wa umbo kuliko jamaa zake wa bara na mwenye madoa madogo yaliyosongamana, alisakwa na wanavijiji kwa mbwa na mitego kwa kuwa alichukua mbuzi na kuku wao; lakini hasara hiyo pekee haielezi ukali wa msako uliomwandama baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Wenyeji walimtofautisha chui wa mwitu, aliyejitafutia riziki msituni, na chui wa kufuga, yaani yule aliyeaminika kutunzwa kwa siri na wachawi na kutumwa kuwadhuru majirani. Katika kampeni iliyoongozwa na mganga mashuhuri, Kitanzi, wafugaji wa chui walitakiwa wafichuliwe na chui wote wauawe, bila kubaguliwa, ingawa mshitakiwa hasa alikuwa binadamu. Mnyama, kwa hakika, alilipa deni la mtu. Makumbusho ya Beit el Amani, Mjini Unguja, yalibakiwa na chui aliyekaushwa.

Mnyama mwingine wa Unguja aliyeshutumiwa, kima punju wa msitu wa Jozani (punju ni sumu, na jina lenyewe ni shutuma), alinusurika, japo wakulima walimlaumu kwa kula vidaka, yaani nazi changa mno. Utafiti uliochapishwa 1999 ulionyesha kwamba mavuno ya minazi iliyoliwa vidaka hayakupungua, bali yaliongezeka kidogo, huenda kwa kuwa mnazi huangusha wenyewe vidaka vingi usivyoweza kuvilea.