Kuupima Ubongo Karibu na Barabara ya Mpondwe

Magnetoensefalografia, kwa kifupi MEG, hupima uga sumaku unaotokana na umeme wa seli za ubongo, bila kufungua fuvu wala kupitisha mionzi mwilini. David Cohen aliupima uga huo kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1968, kwa koili ya waya wa shaba yenye mizunguko milioni moja. Leo vihisi vingi vya MEG hupozwa kwa heli ya kimiminika hadi nyuzi -269 za Selsiasi.

Kinachopimwa ni kidogo mno. Uga wa ubongo ni femtotesla mia chache; ule wa dunia, hapa wilayani Kasese, Uganda, panapopita ikweta, unazidi mikrotesla 30, yaani mkubwa mara milioni mia na zaidi. Tuseme maabara imejengwa Bwera, wilayani humu: malori yanayoelekea mpakani Mpondwe na umeme wa hetsi 50 ukutani vingejitokeza kwenye rekodi kabla ya ubongo. Ndiyo maana chumba hukingwa kwa aloi ya nikeli na chuma. Hata hivyo, mtafiti makini hurekodi pia chumba kitupu kwa dakika kadhaa siku ileile ya kipimo, ajue kelele ya mazingira ilikuwaje. Kwa maoni yangu, mwanafunzi aanzie hapo, kabla hajagusa programu ya uchambuzi.

Mshiriki huulizwa kuhusu pini za nywele, sidiria yenye waya, hirizi ya chuma, meno ya bandia. Maswali haya yanataka staha: mama wa Kikonzo aulizwe na mwanamke mwenzake, kwa Lhukonzo, na ajue kuwa anaweza kuacha wakati wowote. MEG huwasaidia wapasuaji kujua kifafa kinaanzia sehemu gani ya ubongo, lakini mtoto asipimwe kabla mzazi hajaelewa lipi ni tiba na lipi ni utafiti. Kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda hakichukui nafasi ya mazungumzo hayo.

Uchambuzi nao una mtego ulioonyeshwa na Helmholtz tangu 1853: vyanzo tofauti vya umeme vinaweza kutoa uga uleule nje. Hivyo dhana zote, vichujio, mwendo wa kichwa na vipande vya data vilivyotupwa huandikwa kwenye ripoti, na swali la utafiti huamuliwa kabla ya matokeo kuonekana.

Vihisi vipya vya mvuke wa rubidi havihitaji heli, na huvaliwa kama kofia inayofuata kichwa cha mtoto anapojigeuza. Chumba kilichokingwa bado vinakihitaji.