Besi ya Arusha: kutoka kooni mwa morani hadi kwenye sabufa

Kuna ubishi usioisha vijiweni hapa A-Town: sabufa ya nani inapiga? Pita Ngarenaro, Unga Limited au Kijenge jioni utasikia bati za nyumba zikitetemeka. Mimi nadai zinazopiga ni nyingi, zinazoimba ni chache. Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Besi haikuja Arusha na kontena kutoka China. Uimbaji wa jadi wa Wamasai hauna ngoma. Kiongozi anapaza, wanaume wanamjibu kwa sauti nzito inayokwaruza kooni, morani wanaruka. Besi bila waya! Kundi la X Plastaz, lililoanza hapa Arusha mwaka 1996, likaichanganya sauti hiyo na hip hop, koo likiwa la Yamat Ole Meipuko, maarufu kama Merege. Albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitoka 2004. Mwenzao Faza Nelly aliuawa 2006, hivyo sauti yake tunayo kwenye rekodi tu. Sasa ipige rekodi hiyo kwenye sabufa mbovu: Merege anamezwa, mashairi ya Nelly yanazama, unabaki na bum bum. Hapo ndipo roho inaniuma.

Nchi za watu walianza kuhangaika na jambo hili zamani. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walionyesha spika ya koni inayosukumwa na koili, ndiyo hii hii tunayotumia leo. Lakini besi ilidai kabati kubwa kama la nguo. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur akaliziba boksi kabisa, hewa ya ndani ikawa springi, na boksi dogo likatoa besi safi. Kwa upande wa maboksi yenye tundu, Neville Thiele wa Australia aliandika hesabu zake mwaka 1961, Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Kisha 1974 ikaja filamu ya Earthquake na mfumo wa Sensurround, watazamaji wakatikiswa vitini. Kwa maoni yangu, sinema ndiyo iliyotufundisha kupenda kutikiswa kuliko kusikiliza.

Huku kwetu wazee walimsikia Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979, kupitia redio yenye kispika kidogo kama kisosi. Mpiga besi alikuwepo, ila hakusikika! FM za watu binafsi na CD zilipokuja miaka ya 1990, watu walikuwa na kiu ya miaka mingi, na mwenye kiu hachagui maji.

Tatizo lingine ni chumba chenyewe. Waya mnene kuliko wote wa gitaa la besi hutoa hertz 41, na wimbi lake lina urefu wa mita 8 na ushee. Nusu yake ni mita 4, yaani sebule nyingi za kupanga. Noti hiyo inagonga kuta za tofali na kurudi, inavuma haitaki kufa, huku nyingine zikififia. Sabufa ukiisukumia kwenye kona, umeongeza chumvi baharini.

Dawa haina gharama. Weka sabufa pale unapokaa, kwenye kochi. Piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha inama utembee kandokando ya kuta ukisikiliza. Mahali ambapo noti zote zinasikika sawasawa, hapo ndipo pa sabufa. Kama ina kitufe cha kukata masafa, anzia hertz 80, halafu punguza sauti yake mpaka usijue kama imewashwa, ila ukiizima muziki unapwaya. Bati likiendelea kulia baada ya hapo, hiyo si sabufa tena, ni misumari. Mwite fundi apande juu.