Ukumbi na Pango: Hesabu za Mikutano ya Arusha

Tarehe 30 Juni ni siku ya wahasibu. Mwaka wa fedha unafungwa, vitabu vinapigwa mstari, na kesho yake makisio mapya yanaanza kutumika. Mwaka 1977 mjini Arusha siku hiyo ilifika, ikapita, na kesho yake hapakuwa na makisio yoyote. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zimeshindwa kupitisha bajeti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1977/78. Ugomvi wenyewe ulikuwa na mizizi mirefu: Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, hakuitambua serikali ya Idi Amin nchini Uganda, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa limekwisha kuvunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari. Hata hivyo, pumzi ya mwisho ya Jumuiya ilikatika pale kwenye bajeti.

Marehemu aliacha nyumba. Jumuiya hiyo, iliyoundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, ilikuwa imejijengea makao makuu ya fahari katikati ya Arusha: majengo matatu ya ghorofa yanayoitwa Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti, pamoja na kumbi za mikutano. Ofisi zilizokusudiwa watumishi wa nchi tatu zikabaki mikononi mwa nchi moja.

Mwaka 1978 serikali ya Tanzania ilianzisha shirika la umma la kuyaendesha majengo hayo, Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, ambacho wenyeji wanakiita AICC tu. Mtihani mkubwa haukuchelewa. Februari 1979, vita vya Kagera dhidi ya Uganda vikiwa bado vinapiganwa, mawaziri wa Kundi la 77 walikutana Arusha kupanga jinsi nchi maskini zitakavyosimama pamoja katika biashara ya dunia. Nchi iliyokuwa ikigharamia vita ilipokea wageni kutoka mabara mbalimbali, na mkutano ukafanyika.

Hapo ndipo ugumu wa biashara ya mikutano unapoonekana. Mkutano hudumu siku tatu, pengine kumi, lakini ukumbi unadai fedha mwaka mzima: walinzi, umeme, matengenezo ya paa, mishahara. Naye anayeandaa mkutano ana orodha yake ndefu. Kuna nauli, malazi, posho za wajumbe, chai ya saa nne, chakula cha mchana, uchapaji wa nyaraka na masurufu ya mambo ya dharura. Ukalimani peke yake ni kasma nzito. Mkalimani wa papo kwa papo huchoka upesi, kwa hiyo hufanya kazi na mwenzake wakipokezana kila baada ya nusu saa hivi. Kila lugha inayoongezwa inaongeza watu wawili au zaidi, kibanda na mitambo. Mjumbe anayevaa kisikizio sikioni haoni gharama hiyo, lakini mhasibu anaijua.

Kituo cha Arusha kilipata nguvu yake katika pango. Vyumba vya ofisi vilikodishwa kwa mwezi na kwa mwaka, nyumba za kuishi nazo zikapangishwa, na shirika likaendesha hata hospitali yake. Fedha ya mkutano huja kwa msimu, kama mvua za vuli, lakini kodi ya pango huingia kila mwezi. Kwa miaka mingi ofisi ndizo zilizousaidia ukumbi kusimama.

Mpangaji mkubwa kuliko wote aliletwa na msiba. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya kimataifa Novemba 1994, na Februari 1995 likachagua Arusha iwe makao yake. Vyumba vya mikutano vikageuzwa vyumba vya kesi. Tarehe 2 Septemba 1998, katika majengo hayohayo, Jean-Paul Akayesu alitiwa hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya aina hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa.

Miaka hiyohiyo Arusha ilikuwa na mkutano mwingine usiokwisha. Mazungumzo ya amani ya Burundi yalianza Juni 1998 chini ya Mwalimu Nyerere, na baada ya kifo chake Oktoba 1999 yakaongozwa na Nelson Mandela. Pande 19 zilikuwa mezani na wafadhili wa nje walichangia gharama. Kadiri vikao vilivyorefuka ndivyo malalamiko yalivyoongezeka kwamba posho zinawafanya baadhi ya wajumbe wasione haraka ya kumaliza. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Kwa nchi iliyokuwa ikizika watu wake kila siku, gharama hiyo haiwezi kupimwa kwa stakabadhi peke yake.

Wapangaji wakubwa wa kituo hawakudumu milele. Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, iliyozaliwa upya kwa mkataba wa 1999 na kuanza kwa kupanga ofisi palepale, ilizindua makao yake yenyewe Novemba 2012 kwa msaada wa Ujerumani. Mahakama ya Rwanda ilifunga kazi tarehe 31 Desemba 2015.

Na ile Jumuiya ya kwanza? Mali zake zilihitaji miaka saba kugawanywa. Msuluhishi Victor Umbricht kutoka Uswisi alipitia reli, bandari, ndege na madeni, hadi makubaliano yaliyotiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26.

Jumuiya ya sasa ina nchi nane, na swali la nani alipe nini limerudi mezani. Kwa miaka mingi wanachama walitakiwa kuchanga sawa kwa sawa, na malimbikizo ya michango yakawa wimbo wa kila kikao. Novemba 2024 wakuu wa nchi, wakiwa Arusha, walikubaliana asilimia 65 ya bajeti ichangwe sawasawa, na asilimia 35 ifuate wastani wa pato la mwananchi wa kila nchi. Mwaka wa fedha wa Jumuiya bado unafungwa tarehe 30 Juni.