Kuku, mbuzi ao simbilisi? Yale barabara ya Lubutu ilitufundisha



Tangu Machi 2025 swali moja linarudi mu kila mkutano wetu. Tarehe 19 ya mwezi ule M23 iliingia Walikale, na Walikale na Lubutu ni barabara moja, ile inayotoka Bukavu kwenda Kisangani. Mwanzo wa Aprili waliondoka, lakini swali halikuondoka: kama siku moja tunalazimika kuhama tena, tubaki na mnyama gani, na yupi tumuuze mapema? Wengine wanaona ni swali dogo. Sisi tunaona ndani yake kuko historia yetu, maana hii si mara ya kwanza Lubutu kuchagua.

Kwa nini mifugo yetu inaonekana upesi

Zamani Wakumu na majirani wao waliishi kwa vikundi vidogo mu msitu. Wakoloni Wabelgiji ndio waliovuta vijiji kuja kandokando ya barabara, ili watu waitengeneze na ili mashamba na kodi vihesabiwe bila shida. Tangu hapo nyumba zetu ziko kwa mstari, mlango unatazama barabara, na mbuzi na kuku wanatembea ovyo mbele ya nyumba. Wakati wa amani ni faida: mpita njia anaona, anauliza bei, ananunua. Wakati wa vita mwenye bunduki naye anaona, ila yeye haulizi bei.

Mara tatu

Mwaka 1964 Wasimba walichukua Kindu mu Julai, na Stanleyville, Kisangani ya leo, tarehe 5 Agosti. Mu Novemba jeshi la serikali na mamluki wake wakarudi. Lubutu iko kati ya miji hiyo miwili. Kwa watu wa barabara, kimbilio lilikuwa msitu, kule kwenye mashamba ya mbali. Na mu msitu mtu aliyejificha anajulikana kwa vitu viwili: moshi wa moto wake na sauti ya jogoo wake. Kwa hiyo jogoo ndiye wa kwanza kuingia chungu, hata kama ni yeye aliyekuwa mzuri kuliko wote.

Mara ya pili ilikuwa Desemba 1996. Wakimbizi wa Rwanda waliofukuzwa na vita huko Kivu walifika kwa miguu Tingi-Tingi, karibu tu na hapa Lubutu. Walizidi watu 100,000, na kipande cha barabara kikageuka uwanja wa ndege. Mwisho wa Februari 1997 AFDL ilikaribia na kambi ikakimbiwa. Watu wengi walikufa pale kwa njaa na magonjwa, na hatuandiki haya ili kumhukumu mtu mwenye njaa. Tunaandika ili mwenye kusoma aelewe: chakula cha vijiji vichache hakiwezi kulisha mji mzima uliozaliwa kwa siku chache. Wakati kama ule, mbuzi hana mwenyewe tena.

Mara ya tatu vita vilianza tarehe 2 Agosti 1998. Hivi havikupita kama mvua, vilikaa. Mapatano ya Pretoria yalitiwa sahihi Desemba 2002 tu, na serikali ya mpito ikaanza 2003. Watu waliishi mguu mmoja kijijini, mguu mmoja msituni. Hapo haitoshi kumficha mnyama wiki moja. Inapaswa aendelee kuzaa huku mnahama.

Yale Kivu ilijifunza

Majirani wetu wa Kivu ya Kusini walikuwa watu wa ng'ombe. Vita viliwanyanganya ng'ombe, na familia nyingi zikageukia wanyama wadogo. Watafiti waliofuata mambo hayo walikuta simbilisi, anayeitwa pia kobayi ao dende, ndani ya nyumba nyingi, mara nyingi jikoni, mikononi mwa wamama na watoto. Sababu yao ni ya wazi. Simbilisi ni rahisi kuficha, anakula majani na maganda, anabeba mimba miezi miwili na kidogo, kisha anazaa wawili, watatu, hata wanne. Sita wanaenea mu kitunga kimoja. Ila akikosa majani mabichi anagonjwa, maana mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, sawa na wa binadamu.

Tuwapime mmoja mmoja

Mbuzi wetu mfupi wa msitu anavumilia mbung'o, na ndiye anayelipa shule. Mama mmoja memba wetu anasema: «Mbuzi njo banki yetu, lakini banki yenye kulia.» Anatembea mwenyewe, hiyo ni faida, lakini analia, na kumvusha mto kwa mtumbwi ni kazi. Mimba yake ni miezi mitano. Kuhama na kundi zima ni kuwalisha watu wa vizuizi.

Kuku anabebwa mikononi ao kwa kinga, na mayai yanaanguliwa kwa siku 21. Adui wake ni kideri, ambayo inaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Kuku wanaotoka pande nyingi wakikutana pa kukimbilia, ugonjwa unakutana nao. Chanjo inapaswa kutangulia safari.

Bata huyu wetu mwenye uso mwekundu anakalia mayai siku 35, ni mrefu kuliko kuku, lakini hawiki. Mu msitu ukimya wake ni mali.

Nguruwe anazaa sana, lakini hapendi kufuata njia ndefu, homa yake haina dawa, na ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi mu Maniema, hawawezi kumpokea nyumbani kwao. Huyu auzwe mapema. Sungura naye anateswa na joto la safari.

Hesabu ya kuhama

Mu mara zote tatu somo ni moja: mnyama wa kubakia naye si yule wa bei kubwa, ni yule ambaye wawili ao watatu wake watajaza tena nyumba huko tutakakofika, ao siku tutakaporudi. Tunabeba mbegu, hatubebi kundi.

Na wakati wa kuamua ni sasa, risasi zikiwa mbali. Siku watu wote wanauza, mbuzi anakwenda kwa bei ya kuku, na kuku anakwenda bure. Anayeuza nguruwe na madume ya ziada mapema anapata bei ya kweli.

Kuko pia njia ya wazee wetu: kugawanya. Mbuzi jike mmoja unamweka kwa shemeji upande wa Obokote, mwingine kwa mjomba upande wa Bitule ao Punia. Mwenye kufuga anapata mtoto mmoja, mwenye mali anapata mwingine. Vita vikifika upande mmoja, upande mwingine unabaki. Chama chetu kinatembea kwa njia hiyo hiyo: anayepokea mbuzi jike anarudisha jike wa kwanza, na huyo anakwenda kwa memba anayefuata.

Ndiyo maana, rafiki mnaotusaidia, hatuwaombi wanyama wakubwa. Tunaomba chanjo ya kuku, vitunga vyenye kifuniko, na mbuzi jike wa kuendesha mzunguko.

Nanyi wamemba, kila nyumba ikae chini wiki hii, mama na baba na watoto wanaochunga, mwandike vitu vitatu: nani atauzwa, nani atawekwa kwa ndugu, nani ataingia mu kitunga. Karatasi moja ibaki nyumbani, nyingine iletwe kwa komite. Tukibaki salama hapa, na ndivyo tunavyoomba, hakuna kilichopotea: nyumba itakuwa imejua mali yake.