Dungu la kuvizia kulungu: Starehe yenye kazi yake

KILA mwaka ifikapo Novemba, mamilioni ya Wamarekani huamka gizani, huvaa nguo nzito na kwenda porini kuwinda kulungu wa mkia mweupe. Wengi wao hawamfuati mnyama huyo kwa miguu, bali humsubiri wakiwa wameketi ndani ya kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Mkulima wa mpunga wa Afrika Mashariki akikiona hatasita kukiita dungu, kwani hakitofautiani sana na kile anachokalia mlinzi wa ndege shambani, isipokuwa kwamba hiki kina kuta, madirisha na mara nyingine zulia.

Kulungu huyo si yule wa misitu ya huku. Ni wa ukoo wa ayala, na dume wake huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa karibu kutoweka kutokana na kuwindwa ovyo kwa ajili ya biashara. Leo idadi yake hukadiriwa kuwa mamilioni kadhaa katika jimbo la Texas pekee, na uwindaji wa leseni ndio njia kuu ya kuidhibiti.

Zulia hilo huwachekesha wengi, lakini lina sababu. Kulungu hutambua rangi chache, na rangi ya machungwa inayovaliwa na wawindaji ili waonane wao kwa wao haimshtui sana. Kinachomshtua ni mwendo, sauti na harufu. Mwindaji aliyekaa saa nne juu ya ubao mgumu, katika baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri kama ile ya Wisconsin au Michigan, hawezi kutulia: hukunja miguu, hujikuna, husugua viganja. Baya zaidi ni kwamba mkono unaotetemeka hukosea shabaha, na mnyama aliyejeruhiwa vibaya hukimbia kwenda kufia mbali kwa maumivu. Kwa hiyo starehe ya dungu hupimwa kwa jambo moja: je, inamsaidia aliyemo kukaa kimya bila kutikisika?

Kazi huanza na upepo, kabla ya mbao. Dungu huwekwa mahali ambapo upepo wa kawaida wa msimu huo hutoka upande wanakopita kulungu kuelekea kwa mwindaji, kwani harufu ya binadamu ikimfikia mnyama huyo hakuna mapambo yatakayosaidia. Jua nalo huzingatiwa. Anayewinda asubuhi hukwepa kuelekea mashariki, ambako mwanga wa chini humpofusha. Inafaa pia ujenzi ukamilike majira ya machipuko au kiangazi, ili harufu ya mbao mpya ipotee na wanyama wazoee kuona umbo hilo geni.

Sakafu ya mita 1.2 kwa 1.2 humtosha mtu mmoja aliye tayari kubanana. Wawili, hasa mzazi na mtoto anayejifunza, huhitaji karibu mita 1.8 kila upande. Nguzo huwa za chuma au za mbao nene zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza, zikitanuliwa kuelekea chini ili dungu lisiyumbe, kisha hufungwa kwa waya wa chuma kwenye vigingi vilivyozamishwa ardhini. Kuta hutengenezwa kwa plaiwudi. Skrubu hupendelewa kuliko misumari, kwa kuwa mbao hujikunja zikikauka, misumari hulegea, na kila hatua juu ya sakafu hulia. Paa la bati huinamia nyuma, na ukingo wake wa mbele hutokeza ili mvua isiingie dirishani.

Madirisha ndiyo yanayowashinda mafundi wengi wa mara ya kwanza. Kizingiti chake cha chini hakipaswi kukadiriwa kwa macho: mwindaji huketi kwanza kwenye kiti atakachotumia, huinua bunduki kama anayelenga, ndipo mstari huchorwa ukutani. Kizingiti kikiwa juu mno atalazimika kusimama, na kikiwa chini mno atainama hadi shingo iume. Kipande cha zulia huwekwa juu ya kizingiti ili mtutu usigonge mbao. Ndani hupakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na madirisha ya nyuma hufungwa, maana mwanga ukipenya kutoka nyuma, aliyemo huonekana kama kivuli.

Kiti bora ni kile cha ofisini kinachozunguka, magurudumu yakiwa yameondolewa na mhimili wake kutiwa grisi. Sakafu hutandikwa zulia zito au mpira. Rafu ndogo ya darubini na chupa ya chai, ndoano ya koti, na chupa yenye mdomo mpana kwa haja ndogo hukamilisha vifaa. Hiyo ya mwisho haizungumzwi sana, lakini ndiyo inayomwepusha mtu kushuka ngazi kila mara na kutibua pori zima.

Joto ndilo lenye hatari. Hita ndogo ya gesi hupasha moto dungu kwa dakika chache, lakini moto katika chumba kilichozibwa huzalisha kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Husinzisha kabla haijaua, na mwindaji aliyeamka saa tisa usiku hudhani ni usingizi wa kawaida. Hita ya kuchagua ni iliyotengenezwa kwa matumizi ya ndani na inayojizima hewa ya oksijeni ikipungua. Hata hivyo, matundu mawili, moja chini na jingine juu, huachwa wazi wakati wote, na king'ora cha betri cha kugundua gesi hiyo hutundikwa ukutani. Anayeona gharama yake ni kubwa heri aache hita nyumbani na aongeze blanketi.

Hatari ya pili ni ngazi. Kuanguka kutoka mahali palipoinuliwa ni miongoni mwa sababu kubwa za majeraha ya wawindaji wa kulungu nchini Marekani. Ngazi hulazwa kwa mwinamo, huwekewa vishikizo pande zote mbili na huendelea hadi juu ya usawa wa mlango. Bunduki haipandishwi mkononi: huondolewa risasi, hufungwa kamba na kuvutwa juu mdomo wa mtutu ukielekea chini, baada ya mwenyewe kuwa ameketi.

Kwa upande wa sheria, kila jimbo lina zake. Texas, ambako ardhi karibu yote ni ya watu binafsi, mwenye shamba hujenga dungu la kudumu apendavyo. Katika misitu ya umma ya majimbo mengi ujenzi wa kudumu hauruhusiwi, na mwindaji hulazimika kutumia hema au kiti cha kubebeka.

Msimu ukiisha, dungu hufungwa ili panya wasihamie. Wiki kadhaa kabla ya msimu mwingine, mwenyewe hurudi mchana, hukaza skrubu, hujaribu kila kipandio cha ngazi, kisha hufungua mlango taratibu akiwa amesimama pembeni, kwa kuwa nyigu hupenda sana nyumba zisizo na watu.