Kerezo la zamani na koili niliyoitupa

Nimepotea kidogo, na safari hii si kwa sababu ya kazi ya ofisi. Nimekuwa nikipigana na kutu.

Mwaka jana shule moja ya upili ilikuwa ikiuza vyombo vya karakana yake ya useremala, nami nikatoka huko na kerezo la Kiingereza, chuma kizito ambacho wanaume wanne walikipakia kwenye pikapu huku wakinitazama kama mtu aliyepungukiwa. Kerezo ni ile mashine inayozungusha kipande cha mbao huku wewe umeshikilia patasi. Mguu wa meza wa mviringo na ule mti wa kusukumia chapati jikoni kwenu huenda vimetoka humo. Mimi sikuwa nimewahi kuigusa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulisisitiza sana masomo ya ufundi, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo yakapunguzwa, na nilipoingia darasa la kwanza mlango huo ulikuwa umeshafungwa. Nikaishia kusoma kompyuta.

Kutu yenyewe haikunishinda. Mafuta ya taa, brashi ya waya, msasa, beringi mbili mpya, na wikendi tatu zikaisha. Shida ilikuwa stima. Kila waya niliofungua ulinijibu kwa lugha ya zamani, ikabidi nirudi nyuma kwenye historia ili nielewe nilichonunua.

Turudi mbali kabisa. Kule Misri, katika kaburi la kuhani Petosiris la karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, kuna mchoro wa watu wawili wakikereza. Mmoja anavuta kamba iliyozungushwa kwenye mashine, mwenzake ameshika chombo. Kamba ikivutwa upande huu kazi inazunguka mbele, ikivutwa upande ule inarudi nyuma. Maana yake unakata nusu ya muda tu, nusu nyingine unasubiri! Hali hiyo ilidumu karne nyingi. India kamba ilifungwa kwenye upinde, na Ulaya ikafungwa kwenye ufito uliopinda juu ya kichwa cha fundi, naye akaivuta kwa kanyagio. Pwani yetu nayo ina ushahidi wake: vitanda vya kale vya visiwa vya Lamu vina miguu iliyokerezwa na kutiwa lakeri za rangi, ufundi wenye undugu na ule wa Wahindi, ambao huikandamiza fimbo ya lakeri kwenye mbao inayozunguka mpaka joto la msuguano liiyeyushe. Hakuna brashi. Nimejaribu kwa kipande cha nta, na inakubali.

Miaka ya 1480 hivi Leonardo da Vinci alichora kerezo ambalo kanyagio lake lilizungusha gurudumu zito, ili mbao izunguke upande mmoja bila kurudi. Halafu zikaja enzi za mvuke, na hapa nawaomba mkumbuke picha hii. Katika viwanda vya karne ya 19 injini moja ilizungusha mhimili mrefu uliopita chini ya dari, na kila mashine ikachota nguvu zake hapo kwa ukanda wa ngozi. Injini ikisimama, karakana nzima imesimama. Injini ikianza tena, kila mashine ambayo ukanda wake umeachwa kwenye puli ya kazi inaanza nayo, mwenyewe awe tayari asiwe tayari. Kando ya puli hiyo kulikuwa na nyingine inayozunguka bure, na fundi mwenye akili alihamishia ukanda huko kabla ya kugusa chochote.

Mwaka 1888 Galileo Ferraris huko Turin na Nikola Tesla huko Marekani walitangaza, kila mmoja kivyake, mota inayoendeshwa na uga wa sumaku unaozunguka. Mwaka uliofuata Dolivo-Dobrovolsky, mhandisi wa kampuni ya AEG ya Ujerumani, akaunda ya fezi tatu: mawimbi matatu ya umeme yanayofuatana, kila moja likiwa nyuma ya mwenzake kwa theluthi ya mzunguko. Baadaye mhimili wa darini ukaanza kuondoka, kila mashine ikapata mota yake. Kibati cha mota yangu kinasema volti 415, fezi tatu, hezi 50, mizunguko 1420 kwa dakika. Nyumbani kwangu kuna fezi moja ya volti 240. Ndipo nikaelewa kwa nini bei ilikuwa ya bure.

Nilipofungua kifuniko cha mota nilikuta nyaya tatu, nyekundu, ya njano na ya buluu. Mtu wa rika langu anajua buluu ni nyutro, kwa sababu ndivyo ilivyo kwenye kebo ya kompyuta yake. Kumbe kwa Waingereza wa zamani hizo tatu zote zilikuwa na moto, na nyutro ilikuwa nyeusi! Walibadili rangi za kebo za vifaa karibu mwaka 1970, na za nyaya za majengo mwaka 2004. Katika mpango mpya nyeusi ni fezi na buluu ni nyutro, yaani zimebadilishana viti. Sababu ilikuwa ya maana, kwani kila nchi ya Ulaya ilikuwa na rangi zake. Ujerumani ya zamani waya wa ardhi ulikuwa mwekundu, rangi ambayo kwa Mwingereza ni ya moto. Hebu fikiria pasi ya Mjerumani ikifungwa plagi na fundi wa London. Lakini ndani ya kerezo langu nyaya za mpira za enzi ya kwanza zilikuwa zimeungwa na kebo ya plastiki ya enzi ya pili. Nyeusi mbili, maana mbili. Nikang'oa zote, nikaacha kuamini rangi, nikapima kila waya kwa mita.

Mota niliipeleka kwa mzee mmoja anayesuka mota. Ncha tatu za koili zilikuwa zimefungwa pamoja ndani kabisa. Akazitafuta, akazitenganisha, akanitolea nyaya sita, ili kila koili ipate volti 240 badala ya mota nzima kudai 415. "Kijana wangu, mota hii itatuzika sote wawili," akasema. Kisha nikanunua kisanduku cha elektroniki kinachopokea fezi moja, kikaigeuza kuwa umeme wa moja kwa moja, na kuikatakata kwa transista mpaka zinatoka fezi tatu. Wale mawimbi watatu wa Dolivo-Dobrovolsky sasa wanatoka kwenye programu! Nilifurahi mno, na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kwenye boksi la zamani la vitufe, kijani na chekundu, kulikuwa na koili nzito ya shaba. Kisanduku changu hakikuihitaji. Nikaitupa pamoja na vyuma chakavu, nikaweka swichi ya kawaida ya kugeuza.

Jumamosi moja stima ikapotea nikikereza bakuli. Nikanywa chai, nikarudi, bado giza. Nikaona basi nilifungue lile bakuli, nikatia spana. Swichi ilikuwa wapi? Sikuwaza hata kidogo. Stima ikarudi, kerezo likaanza, spana ikauzungusha mkono wangu na kukibana kidole gumba kwenye chuma. Nilishonwa nyuzi nne, na daktari akasema nina bahati.

Nilipomweleza yule mzee, hakuuliza habari za kidole. Aliuliza, "Na ile koili uliipeleka wapi?" Kazi ya koili ilikuwa kushikilia swichi kwa sumaku wakati stima ipo. Stima ikikatika, springi inaiachia, na ikirudi inakuta njia imefunguka mpaka mtu abonyeze kijani. Ni ile puli ya bure ya karne ya 19, imefanywa shaba.

Nimerudisha boksi la zamani na vitufe vyake. Havipitishi tena umeme wa mota, vinatuma ishara tu kwa kisanduku, na nimebadili mpangilio wake ili kila stima inaporudi kisubiri kubonyezwa upya. Jana nilichomoa plagi kerezo likiwa katika mwendo, nikairudisha. Nimefanya hivyo mara kumi, nikiwa nimesimama mlangoni. Halikuanza hata mara moja.