Chombo na Nahodha Wake

Lugha yetu ina neno moja linalobeba maana nyingi, nalo ni chombo. Chungu ni chombo, jahazi ni chombo. Na gazeti, redio, televisheni na simu tunaviita vyombo vya habari. Jahazi likienda mrama katika bahari shwari, wenye akili hawazilaumu mbao. Humtazama nahodha. Basi, msomaji kijana, tuvitazame kwa ufupi vyombo vya habari walivyotumia waliotutangulia, kisha ukitazame kile unachokishika mkononi kila upatapo nafasi, ujiulize ni nani anayeshika usukani wake.

Tuanze na mwaka 1928, kwa kuwa mwaka huo ulikusanya mambo matatu yenye maana kwetu. Jijini Nairobi yalianza matangazo ya redio kwa Kiingereza, nayo yaliwalenga walowezi wa Kizungu. Mwezi wa Mei lilitoka gazeti la Muigwithania kwa lugha ya Kikuyu, na mhariri wake alikuwa Jomo Kenyatta. Na kutoka Unguja, Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay, ambako sauti yake ilitiwa katika santuri zilizosikiwa pwani yote ya Afrika Mashariki.

Tazama jinsi kila kimoja cha vyombo hivyo kilivyokuja na mpaka wake. Muigwithania lilikuwa gazeti la kila mwezi. Aliyelimaliza hakuwa na jingine la kufungua, akabaki na siku nyingi za kuyafikiri aliyoyasoma. Waliojua kusoma walikuwa wachache, na mara nyingi mmoja aliwasomea wengi. Wasikilizaji wakahoji, wakapinga, wakakumbushana. Santuri nayo ilibeba kiasi cha dakika 3 tu kila upande. Wimbo ukiisha, mtu alilazimika kuinuka, kuigeuza santuri na kuizungusha mashine kwa mkono. Kwa hiyo kila baada ya dakika chache msikilizaji aliulizwa kimyakimya: je, bado wataka? Asipotaka, chumba kilinyamaza.

Redio ilichukua miaka mingi kuwafikia wananchi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, serikali ya kikoloni iliona haja ya kuwatangazia Waafrika, maana vijana wao walikuwa wamepelekwa vitani na jamaa zao walitaka habari. Mwaka 1949 huko Rhodesia Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya betri ya bei nafuu iliyotiwa ndani ya umbo kama la sufuria. Bei yake ilikuwa paundi 5. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, iliwezesha redio ndogo za kuchukuliwa mkononi kuuzwa tangu mwaka 1954. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, na mwaka 1964 serikali huru ilikitwaa chombo cha utangazaji kikaitwa Sauti ya Kenya, mpaka jina la KBC liliporudi mwaka 1989. Katika enzi hiyo redio ilikuwa na saa zake. Taarifa ya habari ilisomwa kwa wakati uliojulikana, na majirani wasio na redio walifika kwa mwenye redio. Betri zilinunuliwa kwa fedha, hivyo redio ilizimwa ili zidumu.

Usidhani kwamba nayasifu mambo ya kale kwa kuwa ni ya kale. Vyombo vile vilikuwa na kasoro kubwa, na historia inatupa mfano wake. Mwaka 1966 Leonard Mambo Mbotela alianzisha redioni kipindi cha “Je, Huu ni Uungwana?”, kilichowataka wasikilizaji wapime mienendo yao ya kila siku. Sauti yake ikazoeleka na kuaminiwa katika nyumba nyingi. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, askari walioasi walimchukua kwa nguvu, wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kabla ya siku hiyo kwisha, majeshi yaliyoitii serikali yalikuwa yamekitwaa tena kituo, na habari zikatoka kinyume cha zile za asubuhi. Mtangazaji hakuwa na hatia. Bunduki ilikuwa juu yake. Lakini fikiri hali ya msikilizaji aliyekuwa mbali, katika nchi ambayo mpaka miaka ya 1990 ilikuwa na kituo cha taifa peke yake hewani. Alisikia sauti aliyoipenda ikisema jambo, naye hakuweza kuiona bunduki. Tangu siku ile tunajua kwamba kuipenda sauti si ushahidi wa ukweli wa maneno yake.

Sasa tuje kwenye simu. Asili ya neno hili ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Mwaka 1890 waya uliotandazwa chini ya bahari uliunganisha Mombasa na Unguja, ukapitisha ujumbe mfupi uliolipiwa kwa hesabu ya maneno. Mwenye kutuma alilipima kila neno kabla ya kulitoa. Mwaka 2009 nyaya nyingine zilifika Mombasa kupitia baharini, zikabeba intaneti kwa wingi usiokadirika. Katikati ya hapo, mwaka 2007, M-Pesa iliigeuza simu ya mkononi kuwa mkoba wa fedha. Leo chombo kimoja ni gazeti, santuri, redio, televisheni, barua na benki. Mwanafunzi wa Lamu au wa Lodwar, akipata mtandao, aweza kusoma vitabu ambavyo babu yake asingeviona hata angekuwa na fedha. Hiyo ni neema, na mwenye kuidharau hajui dhiki ya kutafuta kitabu kisichopatikana.

Walakini chombo hiki kimeondoa mipaka yote tuliyoitaja. Hakina mwisho wa ukurasa, wala upande wa kugeuza, wala saa ya kufunga matangazo. Picha moja ikiisha, nyingine huanza yenyewe. Tena hapa mfano wetu wa jahazi unahitaji nyongeza. Kampuni nyingi zinazotupa picha na habari bila malipo hupata fedha kwa matangazo ya biashara, na kadiri unavyokaa ukitazama ndivyo zinavyochuma. Kwa hiyo programu zao huandika kila unaposimama, kila unachorudia, kisha hukuletea kinachofanana nacho. Chombo chako kimekwisha kupata nahodha mwingine, naye hakuwahi kukuuliza unakokwenda. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Nawe kitazame kilichomo mfukoni.

Kinachopotea si muda peke yake. Mwanafunzi aliyezoea kuruka kutoka jambo hadi jambo hupata taabu akikutana na kitabu cha kurasa 200, maana subira ya kufuata wazo moja tangu mwanzo hadi mwisho hujengwa kwa mazoezi, na hubomoka kwa kuachwa. Naye aliyezoea kusambaza kila aliloletewa na rafiki ni kama msikilizaji wa mwaka 1982 aliyekimbia barabarani kutangaza alichosikia. Rafiki hapendi kukudanganya. Lakini naye kaletewa tu, na aliyeanza hamumjui nyote wawili.

Basi jipime. Twaa daftari, na kwa siku 7 za likizo andika mambo matatu kila ushikapo simu: saa ngapi, ulitazama nini, na nani alikichagua, wewe au programu. Usijifiche kitu, kwa kuwa hapana atakayelisoma daftari ila wewe. Siku ya nane jumlisha, kisha uombe ushauri kwa waliotangulia. Kutoka kwa santuri jifunze kusimama: jambo likiisha, jiulize kama bado wataka, kabla ya jingine kuanza. Kutoka kwa gazeti la mwezi jifunze kusoma kwa ukamilifu na kumsimulia mwenzio ulichosoma. Kutoka kwa redio ya betri jifunze kuzima, na kuwa na saa maalumu. Na kutoka kwa mwaka 1982 jifunze kutafuta shahidi wa pili kabla ya kuamini, na wa tatu kabla ya kusambaza.

Mipaka ambayo bei, betri na uhaba viliwawekea wazee wetu, wewe huna budi kujiwekea kwa hiari yako. Kazi hiyo ni ngumu kuliko yao, kwa sababu wao walizuiwa na wewe unaachiwa. Anza leo, ungali kijana, kabla mazoea hayajawa tabia.